Waulizeni Wenye Mtoto

(Mhadhara huu ulitolewa na mmoja wa walimu wa madrasa mbele ya wazazi na walezi, baina ya Magharibi na Isha, mjini Singida. Tunauchapisha kama ulivyosemwa, isipokuwa mahali pachache tulipofupisha.)

   



Nilipotakiwa nizungumze usiku huu niliambiwa mada ni malezi. Mada hiyo mmekwisha kuisikia mara nyingi, na mara nyingi aliyesimama mahali hapa amekulaumuni ninyi wazazi: hamfuatilii, hamlipi ada, mmewaachia watoto runinga na simu. Yamo ya kweli katika hayo. Lakini leo sitaanza kwenu. Nitaanza na mwalimu, na mwalimu huyo ni mimi.

Alikuja kwetu kijana wa miaka tisa. Jina lake silitaji wala mtaa wake siutaji, kwa kuwa mama yake amenipa idhini ya kusimulia kisa hiki kwa sharti hilo. Mwaka wa pili ulikuwa unaingia, wenzake wamekwisha kuimaliza Juzuu Amma, naye yuko pale pale kwenye sura fupi za mwisho. Nikitamka thaa, yeye hujibu siin. Nikitamka haa, hujibu khaa, au hunyamaza akinikazia macho mdomoni. Nikiwa nimewapa mgongo naandika ubaoni nikamwita kwa jina, haitiki. Ndugu zangu, mimi nimekaa miaka minne katika chuo kikuu huko Sudan, nikasoma nahau, sarfu, usuli na tajwidi. Mahali inapotoka kila herufi kooni na ulimini napajua. Haikunipitikia hata siku moja kujiuliza herufi hizo zinamwingiaje mtoto huyu.

Nikamhukumu kuwa ni mkaidi, na hukumu ya mkaidi katika madrasa zetu mnaijua. Nilimchapa. Nilipoona bakora haizidishi kitu, nikamhamishia nyuma kabisa, karibu na mlango, ili asiwapotezee wenzake wakati.

Kisha nikamwita baba yake. Alikuja siku ya Alhamisi baada ya Alasiri akitokea mnadani, na mkononi ameshika fimbo. Mzee yule hakukosea kuja nayo, kwa sababu amezoea kwamba kuitwa na ustaadh maana yake ni kusomewa mashitaka. Nami nikamsomea yote: hasomi, hajibu, hana adabu, anakodoa macho. Mazungumzo yetu hayakutimia dakika tano. Yeye hakuuliza swali, nami sikumwuliza neno. Akamwita mwanawe, akamchapa pale pale barazani mbele ya wenzake, nami nimesimama. Nilidhani kwamba huo ndio ushirikiano wa mzazi na mwalimu.

Jumamosi kijana hakuja. Wiki ikapita, na ya pili ikapita.

Nilikwenda kwao mwezi wa Juni, alizeti zinavunwa. Nilikwenda na mke wangu, ambaye ndiye anayewafundisha wasichana wetu. Baba hakuwepo, alikuwa amesafiri na ng'ombe kuelekea mbuga ya Wembere. Tulimkuta mama na shemeji yake uani, wanapiga vichwa vya alizeti juu ya turubai, na upepo wa kwetu unapeperusha makapi hadi barabarani. Mama alipotuona aliinuka kwa haraka akaanza kuomba radhi. Alidhani tumefuata ada ya miezi mitatu.

Kijana alikuwa ameketi kutupa mgongo, anachambua mbegu. Mama alitaka amtume maji ya wageni. Hakumwita. Alimwendea hadi alipo, akamgusa bega la kushoto, mtoto akageuka akamtazama usoni, ndipo akamwambia. Mtoto akaenda mbio.

Mke wangu ndiye aliyewahi kuuliza: "Mama, mbona hukumwita?" Akajibu kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mmoja analijua: "Huyu haitwi kwa mbali, mwanangu. Sikio la kulia limekuwa likitoka usaha tangu akinyonya. La kushoto husikia kidogo, ukimkaribia. Hata mdogo wake wa miaka minne humgusa bega kwanza."

Kwa nafsi yangu nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini mwalimu ni mgumu wa kujifunza, nikamwambia kwa sauti ya lawama, "Mama, mbona hukunieleza?" Akanitazama chini, akasema, "Ustaadh, hakuna aliyeniuliza. Ulimwita baba yake, ukamwambia wewe. Tena nikaogopa. Nikasema, akijua kwamba hasikii atasema hafai, atamrudisha nyumbani."

Mtoto wa miaka minne katika nyumba ile alikuwa na elimu ambayo mimi sikuwa nayo. Na mahali nilipomkalisha, nyuma karibu na mlango, ndipo mahali pa mwisho alipoweza kusikia chochote.

Ndugu zangu, baada ya siku ile nilirejea katika vitabu, nikaona nilichokuwa nikikipita. Wengi wenu mnaijua habari ya Abu Umayr, yule mtoto mdogo wa Ummu Sulaym, ndugu wa Anas bin Malik kwa mama. Alikuwa na kindege anachokichezea. Imepokewa katika Bukhari na Muslim jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akimtania kwa kumwuliza habari za kindege chake, na wanazuoni wametoa mafunzo mengi katika hadithi hiyo. Mapokezi ya Abu Daud yana kipande ambacho mimi nilikipita mara nyingi bila kusimama. Mtume (S.A.W.) aliingia akamwona mtoto amehuzunika. Jambo la kwanza, kabla hajamsemesha mtoto, aliwauliza watu wa nyumba ile: ana nini huyu? Wakamweleza kwamba ndege wake amekufa. Ndipo alipomwelekea mtoto, na maneno aliyomwambia yakawa ni ya huyo huyo ndege.

Anayeuliza hapo ni Mtume wa Allah, ambaye wahyi unamshukia, naye anawauliza wazazi wa mtoto. Na mimi, mwenye shahada moja ya karatasi, nilimtazama mtoto mwaka mzima na nusu nikajiona sina haja ya kuuliza.

Upande wa wazazi pia una mifano yake. Imamu Sahnuun wa Qayrawaan, mwenye Al-Mudawwana, aliyefariki mwaka 240 Hijria, alipompeleka mwanawe Muhammad kwa mwalimu hakumwacha mlangoni akaenda zake. Alimweleza mwalimu tabia ya mtoto: kwamba asimtie adabu ila kwa kumsifu na kwa maneno laini, kwa kuwa mtoto huyu si katika wale wanaonyooka kwa kipigo na makaripio. Mtoto huyo ndiye Ibn Sahnuun, aliyekuja kuandika kitabu katika adabu za walimu, nacho ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa katika umma huu kuhusu ualimu. Humo imo kauli kwamba mwalimu asivuke viboko vitatu, na akitaka kuzidisha, kwa kosa la kumuudhi mwingine, sharti apate idhini ya baba. Maana yake ni kwamba katika karne ya tatu ya Hijria mwalimu hakuweza kuyajua mamlaka yake kwa mtoto bila ya kuzungumza na mzazi.

Najua wapo watakaosema: Ustaadh, wewe unatuletea mambo ya kizungu, nasi tunayo hadithi ya kumwamrisha mtoto swala akiwa na miaka saba na kumpiga kwa ajili yake akifika kumi. Hadithi ipo, siipingi. Lakini isomeni kwa hesabu. Baina ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na kila siku ina swala tano. Hayo ni zaidi ya maamrisho 5,000 ya ulimi kabla ya fimbo moja kutajwa. Tena anayesemeshwa katika hadithi ile ni mzazi, na jambo lenyewe ni swala. Si mwalimu, wala si thaa iliyogeuka siin. Wengine husema, sisi tulichapwa na tukasoma. Ndiyo, tuliobaki ndio tunaosimulia. Walioikimbia madrasa hawamo msikitini humu watusimulie ya kwao.

Sheria ya nchi nayo imegusa jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 13, inakataza adhabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili, na inakataza kumwadhibu mtoto asiyeweza kufahamu anaadhibiwa kwa nini. Kijana yule hakufahamu. Alipoulizwa na mama yake alisema tu kwamba ustaadh huwa anakasirika. Nami hali ya mwili wake ningeijulia wapi, ikiwa sikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yao? Sisemi haya kuwatisha walimu wenzangu. Bakora yangu nimeiweka chini tangu mwezi ule wa Juni, na kila mmoja atahesabiwa kwa lake.

Sasa niwageukie ninyi, wenye watoto.

Mnatuficha. Nasema hivi kwa mapenzi. Mtoto ana kifafa, mnatuletea bila ya kusema, akianguka darasani wenzake wanakimbia na mwalimu anaanza kusoma ruqya. Mtoto anakojoa kitandani, mnamleta alale kambi ya Ramadhani bila ya kutuambia, asubuhi anakuwa kicheko cha kambi nzima. Macho yanamuuma kwa vikope, ugonjwa ambao mikoa yetu hii ya kati imeujua kwa miaka mingi, nasi tunamwambia asome ubaoni kwa mbali. Wazazi wameachana, mtoto analala kwa mama siku nne na kwa baba siku tatu. Kila akija hakufanya marejeo, na kumbe juzuu yake imebaki nyumba ya pili na hathubutu kwenda kuiomba. Mwezi wa Januari hadi Machi, ghala zikiwa tupu na mtama haujakomaa, mtoto anayesinzia saa nane mchana hana shetani wala uvivu. Ana njaa. Semeni. Mkisema, mwalimu atajua kumwacha alale robo saa.

Najua kinachowazuia. Ni aibu, na ni ile hofu ya mama yule kwamba mtoto atarudishwa. Hofu hiyo tuliipanda sisi walimu, na ni juu yetu kuing'oa.

Lakini mazungumzo haya hayafanyiki katika kikao cha watu arobaini. Shule za msingi zina vikundi vya wazazi na walimu viitwavyo UWAWA, na mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa tisa ya mradi wa Shule Bora uliozinduliwa mwaka 2022, ambao umevihimiza sana vikundi hivyo. Nimehudhuria vikao vyake kama mzazi, na nawahimizeni nanyi mhudhurie, kwa kuwa Waislamu tuna desturi ya kukaa nje na kulalamika. Kikao kinafaa kwa paa linalovuja na kwa uji wa wanafunzi. Habari ya sikio la mtoto wako huisemi mbele ya majirani. Hiyo husemwa nyumbani, mwalimu ameketi kwenye kigoda, hana daftari mkononi.

Simu nayo tusiitegemee kupita kiasi. Kuna mwalimu mwenzetu alituma ujumbe kwa mzazi akimlalamikia mwanawe, akajibiwa kwa heshima kubwa kwamba mtoto ataonywa. Ujumbe wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Baadaye ikabainika kwamba baba hajui kusoma, anayemsomea ujumbe na kumwandikia majibu ni yule yule mtoto. (Kicheko.)

Liko na suala la kuzungumza na akina mama. Baadhi yetu sisi walimu tumeifanya hofu ya khalwa kuwa kisingizio cha kutozungumza na mama wa mtoto kabisa. Khalwa ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kumwuliza mama uani, mbele ya shemeji yake au kaka yake, ukiwa na mkeo au mwalimu mwanamke, si khalwa. Wanawake wa Madina walimwomba Mtume (S.A.W.) awatengee siku yao ya kuwafundisha, naye akawatengea. Katika nyumba zetu nyingi baba yuko shambani, mnadani, au amefuata malisho miezi miwili. Anayejua mtoto amelalaje, amekula nini, analia lini, ni mama au bibi. Ukimpita huyo, umezungumza na ambaye hana habari. Na bibi anayesema Kinyaturu au Kinyiramba tu, mtafutie mjukuu mkubwa afasiri. Asionekane hana la kusema kwa sababu Kiswahili chake ni kizito.

Tena tuje kwa wakati wenu. Mwalimu anayewaita wazazi wiki ya palizi au siku ya mnada, kisha akasema hawajali, amejidhulumu mwenyewe.

La mwisho katika hili ni amana. Anas bin Malik akiwa mtoto alitumwa na Mtume (S.A.W.) kwa haja fulani, akachelewa kurudi kwa mama yake. Ummu Sulaym akamwuliza kilichomchelewesha, akasema ametumwa. Akamwuliza ni haja gani. Akasema ni siri. Mama yule akamuusia asiitoe siri ya Mtume wa Allah kwa mtu yeyote. Ikiwa mzazi alilinda siri ya mwalimu namna hiyo, mwalimu aliyeambiwa siri ya nyumba yafaa afanye nini? Tumewasikia wenye kupanda mimbari siku ya Ijumaa wakatoa mfano wa "nyumba moja hapa mtaani", na mtaa mzima ukageuza shingo kuitazama nyumba hiyo. Mzazi aliyetendewa hivyo mara moja hatafungua kinywa tena, na wa kulipia kimya chake ni mtoto.

Huenda mnangoja kusikia habari za kijana. Tulimpeleka hospitali, mimi, mama yake na ami yake. Daktari akasema ngoma ya sikio la kulia imetoboka siku nyingi. Akampa dawa, akatuonya kwamba maji yasiingie na asitiwe mafuta wala majani ya aina yoyote. Usaha umekauka. Usikivu wa sikio lile haukurudi, na daktari hakutuahidi kwamba utarudi. Siku hizi anaketi safu ya mbele upande wa kulia, ili sikio lake la kushoto linielekee, nami simsomeshi mpaka niwe nimemgusa bega. Ana miaka kumi na miwili, yuko Juzuu Tabaarak. Thaa yake bado ni siin.

Nilimwomba radhi. Nilifanya hivyo mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele yao ndiko nilikomdhalilisha. Alitabasamu tu, na sijui alisikia maneno mangapi. Baba yake alirudi mwezi wa Agosti, akaja mwenyewe bila ya kuitwa, mikono mitupu. Tulikaa kuanzia Alasiri mpaka Magharibi inaadhiniwa. Aliniambia mengi juu ya mwanawe ambayo sitayasema hapa. Moja aliniruhusu: kwamba kijana huyu, kati ya watoto wake wote, ndiye anayejua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama tu, kabla mtu mzima hajamwona.

Kwa hiyo, kuanzia Jumatatu ijayo, inshaAllah, baada ya Alasiri, mimi na mwalimu wa wasichana tutaanza kupita nyumba kwa nyumba, tukianzia upande wa sokoni, nyumba mbili kwa siku. Hatutadai ada. Hatutaleta mashitaka, hata kwa mtoto mwenye makosa. Tutauliza tu: mtoto huyu analala wapi, anakula lini, anaugua nini, anapenda nini, na nyumbani mnamwitaje mpaka akaitika. Mwenye kutaka tuje usiku kwa sababu ya shamba, aache jina lake kwa muadhini. Na fimbo ziacheni ndani.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.